Kiseyeye: kasoro ya urithi tuliyo nayo sisi wote

Bandugu, tukisikia "ugonjwa wa kurithi" tunafikiria ukoo fulani, watu wa nyumba ile pale. Lakini iko kasoro moja ambayo kila anayesoma hapa amezaliwa nayo, na inajionyesha kwenye ufizi.

Mbuzi anayezunguka sokoni Kabambare hahitaji chungwa. Ini lake linatengeneza vitamini C lenyewe. Sisi hapana. Jeni ya kazi hiyo tunayo, ila iliharibika kwa mababu wetu wa mbali, mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1994 Mjapani Morimitsu Nishikimi na wenzake walionyesha mabaki yake kwenye kromosomu ya 8. Dende naye ana kasoro hiyo, njo maana mwaka 1907, kule Norwe, Holst na Frølich waliweza kumpatisha kiseyeye kwa kumlisha nafaka tupu. Bila vitamini C mwili hautengenezi vizuri kolajeni inayoshika nyama: ufizi unavimba, unatoka damu, meno yanalegea.

Pwani yetu iliona jambo hili mapema. Januari 1498, meli za Vasco da Gama zikiwa kwenye mto wa Msumbiji, mabaharia walikuwa na ufizi uliovimba mpaka kufunika meno, hawawezi kula. Aprili wakafika Mombasa. Mfalme akawapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi, na wagonjwa wakapona. Mwandishi wa safari akasifu nini? Hewa ya mji! Chungwa hakulitaja kama dawa. Kurudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, watu 30 wakafa. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa wenyewe njo walikuwa wanatamani machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafa palepale.

Matunda hayo yalifika mpaka kwetu. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis lililoteka Kasongo Aprili 1893, alikuta mashamba makubwa ya mpunga ya watu wa pwani, na bustani za machungwa, mapera, maembe na mananasi. Tunapenda kusimulia vita na pembe za ndovu za Tippu Tip, bustani tunaziruka.

Mimi niko na lisanse ya agronomia, na shuleni tulihesabu zaidi tani za muhogo na mpunga. Mchele mkavu hauna vitamini C. Sombe bichi inayo nyingi, lakini tunaitwanga, tunaichemsha masaa, sehemu kubwa inapotea. Miaka ya 1980 kiseyeye kilipiga wakimbizi wa Ethiopia kwenye kambi za Somalia na Sudan, watu waliokuwa wanapewa chakula: nafaka, maharagi, mafuta. Kabambare nayo inapokea watu waliokimbia vita.

Mchungwa wa mbegu unachukua miaka mingi kuzaa. Mpapai unaweza kuzaa kwa mwaka mmoja hivi. Kwa familia iliyofika jana, mimi ningeanza na mpapai.