Ramani, Jina na Malipo: Umilikaji wa Maarifa Kibera na Kawangware

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kusema kwamba ngano, methali na nyimbo ni mali ya jamii nzima. Kauli hiyo hurudiwa katika vitabu vya kiada kana kwamba haina utata. Hata hivyo, "mali" ni neno la kiuchumi, na makala haya yanadhamiria kulipima kwa matini mbili ambazo uhakiki haujazipa nafasi ya kutosha: ramani ya Kibera iliyoanza kuchorwa mwaka 2009, na usimulizi wa filamu katika vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi.

Mwaka 1954, mwanauchumi Paul Samuelson alieleza kwamba kuna bidhaa ambazo mtu mmoja akizitumia hazimpungukii mwingine. Mwaka 1962 Kenneth Arrow aliongeza jambo linalohusu habari hasa: mnunuzi hawezi kuijua thamani ya habari kabla ya kuambiwa, na akishaambiwa hana tena sababu ya kuilipia. Nakala ya kwanza ni ghali. Nakala ya elfu ni karibu bure. Hakimiliki ilibuniwa kuwa dawa ya tatizo hilo, kwa kumpa mtungaji ukiritimba wa muda. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inampa haki hiyo maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini dawa hiyo ina madhara yake, kwani asiyeimudu bei hunyimwa kitu ambacho kumpa kusingemgharimu yeyote chochote.

Katika upwa wa Waswahili, kabla ya kufika kwa sheria za Uingereza, utaratibu ulikuwa mwingine. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono na yeyote aliyeuhitaji. Kilicholindwa ni jina: mtungaji alilitia katika beti za mwisho, pengine pamoja na tarehe, akaomba dua ya msomaji. Malipo yalitoka kwa mkubwa aliyeiagiza kazi, kama ilivyokuwa kwa Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mnamo 1728. Utaratibu huo ulivurugika wageni walipoanza kukusanya. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika na kuyafafanua katika karne ya 19. Karatasi za Taylor zilihamia London, na diwani ikahaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940. Nje ya duru za wataalamu, Sikujua hajulikani. Jina lenyewe ni kana kwamba lilibashiri.

Mtindo huo wa maarifa kukusanywa mahali pamoja na kuhifadhiwa pengine ndio ulioitawala Kibera baada ya uhuru. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa miongo mingi watafiti, wanafunzi na mashirika waliingia na hojaji zao Makina, Lindi, Gatwekera na Laini Saba, wakatoka na majibu. Ripoti zilisomwa Geneva na New York. Waliojibu maswali hawakuzipata. Wakati huohuo, katika ramani zilizopatikana hadharani Kibera ilibaki pengo, hata ikasemwa kwamba kwa mchoraramani wa serikali mahali hapo pangali msitu. Idadi ya wakazi ilitajwa kuwa milioni moja, na ikanukuliwa kutoka chapisho hadi chapisho. Sensa ya mwaka 2009 ilipotangazwa ilionyesha watu 170,070. Sensa nayo ilipingwa. Lakini inafaa kuuliza ile milioni ilimfaa nani. Takwimu kubwa ilikuwa na soko miongoni mwa wafadhili, ilhali takwimu sahihi haikuwa na mnunuzi.

Mwishoni mwa 2009, Wamarekani wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walishirikiana na vijana 13 wa Kibera katika mradi wa Map Kibera. Vijana walizunguka kwa miguu na vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakaweka alama za vioski vya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Matokeo yaliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa yeyote. Leseni yake inaruhusu kunakili bila malipo kwa masharti mawili: chanzo kitajwe, na atakayeijenga hifadhidata hiyo zaidi na kuisambaza aiache wazi vilevile. Sharti hilo la pili ndilo muhimu kihistoria, kwa kuwa linamzuia mkusanyaji kuondoka na mzigo. Mradi wa Map Maker wa Google, uliodumu kuanzia 2008 hadi 2017, nao ulipokea michango ya watu wa kawaida, ila ghala lilibaki mikononi mwa kampuni.

Hata hivyo, leseni haikujibu swali la malipo. Ramani iliyo bure kutumiwa haikuwa bure kutengenezwa. Ilihitaji vifaa, mafunzo, na zaidi ya yote saa za vijana ambao kukosa kibarua cha siku kulimaanisha kukosa chakula cha siku. Ufadhili ulitoka nje, na ufadhili huo una msimu wake. Isitoshe, katika sharti la kutaja chanzo, jina linaloandikwa ni moja tu kwa wote duniani: "wachangiaji". Hapa ramani inafanana na ngano kuliko utenzi. Imebaki mali ya jamii, lakini ubeti wa mwisho wenye jina la fanani umefutika.

Katika vibanda vya video mambo yamegeuka. Filamu za Marekani, India na China hutolewa kwa nakala zisizo na idhini, na juu yake husikika sauti ya msimulizi anayetafsiri, kukejeli na kuongeza visa kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Maarufu zaidi nchini Kenya ni DJ Afro; Tanzania ilimjua Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake wengi. Hadhira hutafuta diski kwa jina la msimulizi, wala si la mwongozaji. Mwenye kibanda hutoza kiingilio mlangoni. Anachouza hasa ni benchi, umeme na uchangamfu wa kutazama pamoja, yaani vitu ambavyo mtu anaweza kuzuiwa kuvipata. Hadithi yenyewe haizuiliki: diski ya msimulizi ikishafika kibanda kimoja cha Kawangware, hunakiliwa na kingine bila yeye kupata senti.

Kwa hiyo msimulizi anaibiwa kwa njia ileile aliyoitumia. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kitamaduni haimfikii, kwa sababu inahusu urithi unaopokezwa kizazi hadi kizazi, naye alianza jana. Hakimiliki ya kawaida inaweza kumtambua kwa yale aliyoyabuni kwa sauti yake, lakini ili aidai mahakamani itambidi kwanza aeleze filamu aliitoa wapi.