Kompyuta ya Mwili Mmoja: Ilikotoka, Uzuri Wake na Ubaya Wake

(Somo hili lilisomwa redioni. Mwalimu wa darasa alisome tena polepole, na wanafunzi wafuate kwa kidole katika kitabu.)

Natumai taa zimekwisha kuwashwa na madaftari yako wazi. Leo tutasoma habari za namna moja ya kompyuta, ile ya mezani ambayo kioo chake na mtambo wake vimo ndani ya mwili mmoja. Tutaona ilitoka wapi, na kwa nini watu wengine huisifu na wengine huilaumu. Nimeliandika somo hili nikiwafikiria hasa wanafunzi wa Kojani, kwa sababu mtakazoziona mbele, lakini wa Wete, Micheweni na Mkoani nao watege masikio.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta ya mezani ya kawaida ina vipande vinne: kioo cha kutazamia, sanduku lenye mtambo, kibodi, yaani ubao wa herufi, na kipanya cha kuelekezea. Katika kompyuta ya mwili mmoja lile sanduku halipo. Mtambo wote umebanwa nyuma ya kioo, na waya wa umeme ni mmoja tu. Asiyeijua huidhani ni televisheni.

Watu wa Kojani wataelewa upesi nikitaja mtumbwi na mashua. Mtumbwi umechongwa katika gogo moja. Hauna maungio, kwa hiyo maji hayana pa kupenya, na utunzaji wake ni mdogo. Lakini ukipasuka tumboni, fundi hana ubao wa kutoa na kutia mwingine. Ataziba, atatia kiraka, na siku moja atasema basi. Mashua ni mbao, mataruma na misumari. Haiishi kutaka kalafati, na mwenyewe hapumziki. Lakini ubao ukioza hung'olewa huo huo mmoja, na mashua huweza kuvuliwa hata na mjukuu wa aliyeiunda. Hakuna mvuvi atakayekuambia kimoja ni kizuri na kingine kibaya bila kukuuliza kwanza unakwenda kuvua wapi, na fundi wako yuko umbali gani. Basi na kompyuta ni vivyo hivyo.

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilitoka kwa kampuni ya Kiingereza iliyoitwa ICT. Msidhani ilikuwa kitu cha kuweka mezani. Ilikuwa makabati ya chuma, kila kabati na kazi yake, na chumba kizima kilikuwa chao. Kisha mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kutia hesabu za Serikali ndani ya mashine kwenda mrama. Televisheni nazo zilikatazwa pamoja na kompyuta. Hapa Zanzibar mambo yalikuwa mengine: kituo chetu cha televisheni kilianza miaka hiyo hiyo, tena cha picha za rangi, na Bara hawakupata chao mpaka mwaka 1994. Marufuku ya kompyuta ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo kompyuta ndogo zilipozaliwa ng'ambo, mlango wetu ulikuwa umefungwa, na habari zake tulizipata zimekwisha poa.

Zilizaliwa namna hii. Mwezi wa Januari 1977, kampuni ya Commodore ya Marekani ilionyesha mashine iliyoitwa PET. Ndani ya mwili mmoja wa chuma mlikuwa na kioo cha inchi 9, kibodi, na mashine ya kaseti. Ndiyo, kaseti zile zile tulizopigia taarabu. Kompyuta ilizitumia kuhifadhi kazi zake, kama mtu anavyohifadhi barua katika kasha. Iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 8 iliuzwa dola 795. Shule nyingi za Marekani na Kanada ziliipenda, na sababu si ngumu kuiona. Ilikuwa ya chuma, haikuwa na vipande vya kupotea, na mtoto hakuweza kutia kibodi mfukoni akaenda nayo.

Lakini vitufe vyake vilikuwa vidogo na vimebanana kama vya kikokotoo cha dukani. Watu walilalamika vidole vyao havienei. Kama kibodi ingekuwa kitu cha peke yake, wangenunua nyingine na maneno yangekwisha. Kwa kuwa ilikuwa sehemu ya mwili, ilibidi kiwanda kiunde mashine nyingine. Ile iliyofuata ilikuja na kibodi kubwa, na ili kuipatia nafasi, mashine ya kaseti ikatolewa nje. Someni tena hapo, maana ndipo lilipo tatizo la vyombo vyote vya mwili mmoja: ukitaka kupanua kiungo kimoja, kingine hukosa mahali.

Hata hivyo mashine ile ya PET ilikuwa na jambo moja ambalo nataka mlikumbuke. Fundi alipolegeza skurubu chache, sehemu yote ya juu iliinuka kama boneti ya gari, na ndani mlikuwa na kijiti cha chuma cha kuizuia isianguke. Aliyeiunda alijua kwamba siku moja mtu atataka kutazama ndani.

Mwezi wa Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya vipande: sanduku mbali, kioo mbali, kibodi mbali. Viwanda vingine viliiga mfano huo, vipande vikawa vya namna moja duniani kote, na bei zikashuka. Hiyo ndiyo mashua yetu. Kompyuta nyingi za mezani mnazoziona katika maofisi ya Wete na Chake Chake ni kizazi cha mashine hiyo.

Tarehe 24 Januari 1984 kampuni ya Apple ikaleta Macintosh, kwa bei ya dola 2,495. Ilikuwa na mwili mmoja, kioo cha inchi 9, na shimo la kushikia juu yake ili mtu aibebe. Ilipendeza sana, na ilitumia mtindo wa kuonyesha kwa kipanya badala ya kuandika amri kwa maneno magumu. Mkubwa wake, Bwana Steve Jobs, hakutaka mwenye mali aifungue. Skurubu zake zilikuwa za namna ambayo bisibisi ya kawaida haikuziweza, na mbili kati yake zilizamishwa ndani kabisa, zikahitaji bisibisi ndefu. Kumbukumbu yake ya kilobaiti 128 ilikuwa imelehemewa ndani, na mnunuzi hakuachiwa nafasi ya kuiongeza. Pia haikutiwa feni, kwa sababu Bwana Jobs hakupenda kelele. Matokeo yake mashine ilipata joto, na joto ni adui wa kompyuta kama mchwa alivyo adui wa boriti. Ni haki kusema pia kwamba vioo vya zamani vilikuwa na umeme mkali uliobaki ndani hata baada ya kuzimwa, na mtu asiyejua angeweza kuumia. Lakini mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Kisima huwekewa kifuniko, hakijengewi ukuta.

Miaka 14 ikapita. Kampuni hiyo ya Apple ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja katika mwaka wa fedha wa 1997. Mwezi wa Agosti 1998 ikaanza kuuza iMac, mashine ya mwili mmoja yenye rangi ya samawati inayong'aa, kwa dola 1,299. Mtu aliitoa katika boksi, akachomeka waya, akaanza kazi. Mpaka mwisho wa mwaka huo zilikuwa zimekwisha uzwa kama 800,000. Tangu hapo viwanda vingine, kama HP, Dell na Lenovo, navyo vimetengeneza kompyuta za namna hiyo.

Na sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 2004 ilitoka iMac nyembamba iliyobeba mtambo nyuma ya kioo. Mgongo wake ulifunguliwa kwa skurubu tatu tu, na mwenyewe aliweza kubadilisha vipande kadhaa kwa mkono wake. Mwaka 2012 ikatoka nyembamba zaidi, na safari hii kioo kilibandikwa kwa gundi. Kukitoa ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na akikosea kidogo kioo hupasuka. Kampuni ni ile ile, chombo ni kile kile. Kwa hiyo kufunguka au kutofunguka hakutokani na mwili mmoja. Kunatokana na uamuzi wa aliyeiunda.

Turudi Kojani. Tuseme darasa lenu limechanga fedha za kununua kompyuta moja. Wakina baba wametoa katika mapato ya dago, wakina mama katika kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha hizo zimepatikana kwa jasho, na hazitachangwa mara ya pili mwaka ujao. Mnunue ipi?

Mashine ya mwili mmoja ina mambo mazuri kwenu. Nyumba za Kojani zimekaribiana na vyumba si vikubwa. Hii hukaa juu ya meza ndogo, na nyaya hazimkwazi mwanafunzi anayepita. Kuivusha kutoka Pemba kwa chombo ni mzigo mmoja wa kukumbatia, si minne. Nyingi zake hutumia vipande vya namna ya kompyuta mpakato, ile ya kukunja, na kwa hiyo hula umeme mchache kuliko sanduku kubwa. Na kioo chake ni kipana, jambo ambalo wazee wenye macho mazito watalishukuru.

Upande wa pili unahitaji maneno zaidi. Katika kompyuta ya vipande, kioo kikifa mnaazima kingine na kazi inaendelea jioni hiyo hiyo. Katika ya mwili mmoja, kioo kikifa mashine yote inavushwa maji, inapanda gari mpaka Wete au Chake Chake, na pengine inapanda meli kwenda Unguja. Nauli hizo na siku hizo nazo ni bei ya kompyuta, ingawa muuzaji hazitaji. Tena hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na chumvi hula chuma na maungio ya nyaya. Mtambo uliobanwa nyuma ya kioo hauna nafasi kubwa ya kupumua. Vumbi likiziba matundu, joto hupanda.

Kisha kuna umeme. Mpaka mwaka 2010 Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha. Mwaka huo waya mkubwa ulilazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, na tukaungana na umeme wa Bara. Ni neema, lakini waya wa baharini nao hukatika: ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kama miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ulipoharibika wao. Kompyuta mpakato ina betri yake; ya mwili mmoja kwa kawaida haina. Umeme ukikatika huzima palepale, na sentensi uliyokuwa ukiiandika imekwenda. Ukirudi kwa nguvu, kitu kinachoungua kwanza mara nyingi ni kile kifaa cha kupokea umeme. Katika baadhi ya mashine kifaa hicho kimo ndani ya mwili. Katika nyingine kiko nje, kwenye waya, na hubadilishwa bila kugusa mashine. Chagueni ya nje.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni daftari la kikundi. Mkianza kuandika hisa na mikopo ya wakina mama ndani ya mashine, na mashine ikafa, hesabu zenu zimefungiwa ndani pamoja na maiti. Katika sanduku la kawaida, fundi hutoa diski kwa dakika chache akaitia katika sanduku lingine, na hesabu zikasomeka. Katika mwili uliogandishwa kwa gundi, ni safari ile ile ya maji na barabara. Kuna mashine mpya ambazo diski yake imelehemewa kabisa. Kwa hiyo, mashine iwe ya namna gani, daftari la karatasi lisiachwe.

Maoni yangu, kwa darasa la Kojani, ni haya: nunueni ya vipande. Kama mmeipenda ya mwili mmoja, au mmepewa zawadi, basi iwe inayofunguka kwa skurubu, na mtenge fedha za kisanduku cha betri ambacho mafundi hukiita yu-pi-esi. Darasa la mjini lenye fundi mtaa wa pili linaweza kuamua vingine, na halitakuwa limekosea.

Sasa kalamu mkononi. Andikeni maswali manne mtakayomwuliza muuzaji kabla ya kutoa fedha. Mimi nawaanzishia mawili: "Mgongo wake unafunguliwa kwa nini?" na "Fundi wa kuitengeneza yuko wapi?" Mawili yaliyobaki ni yenu. Kisha pigeni hesabu ya nauli ya kupeleka mashine moja Chake Chake na kuirudisha, pamoja na ya mtu wa kuisindikiza. Mwalimu akusanye madaftari kabla watu wa dago hawajaondoka.