Springi Ngumu Si Ushujaa

Wasee, kabla mniambie ati pikipiki ngumu ndio pikipiki ya wanaume, tulieni kidogo niwape historia.

Babu yangu alibeba abiria kwa baiskeli pale Bungoma. Kazi hiyo ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka boda moja hadi nyingine, ndio tukapata jina bodaboda. Baiskeli yenyewe ni Black Mamba. Foki yake ilikuwa chuma tupu. Springi zilikuwa chini ya kiti cha dereva tu, abiria anapewa mto juu ya keria. Kila jiwe lilipitia kwa mikono ya babu, na leo hafungi ngumi vizuri.

Na si ati dawa haikuwepo. BMW ilitoa R12 yenye foki ya springi na mafuta mwaka 1935! Huku kwetu, watu wa kawaida walianza kuipata kwa wingi baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250.

Shida ni kwamba tulikuja nayo na akili ya Black Mamba. Pikipiki ikibeba gunia la mahindi la kilo 90, mzigo mwingi unakaa nyuma, lakini bado tunaambia fundi akaze na mbele pia. Mimi nilipoacha chuo nilinunua moja iliyotumika, ya kwenda kushuti video mashambani. Safari ya kwanza, Kitale, Kiminini, Kamukuywa, kufika Kimilili vidole vimekufa ganzi. Tukafungua foki: washa zimejazwa juu, springi imekatwa.

Hapo ndipo wengi tunachanganya. Washa haibadilishi ugumu wa springi. Inaiminya tu mapema, mbele ikae juu. Kuikata ndio kunaifanya iwe ngumu, sababu koili zilizobaki ni chache, kwa hivyo springi kwa jumla inabonyea kidogo kuliko awali kwa uzito uleule.

Jipime hivi. Inua gurudumu la mbele, funga kamba ya plastiki kwenye mguu wa foki, isukume hadi kwenye sili. Shusha, kaa polepole na nguo zako za safari, kisha shuka, inua tena gurudumu upime. Foki ikizama kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote, uko sawa. Ikizama kidogo sana, punguza washa kwanza. Ikikataa bado, hiyo springi si ya kilo zako. Na kama inagonga mwisho kwa kila shimo, ni laini mno.

Mimi nina kilo 58. Niliweka springi nzima, nikatoa washa. Jumapili nikampa babu aendeshe mita chache tu nje ya boma, kwenye mawe. Akasimama, akaangalia mikono yake.

"Kumbe haikuwa lazima iume."

Yako inazama kiasi gani? Pima uniambie.