Uzamifu wa uuguzi: Maombi huanza kabla ya fomu

Mtaa wa Kizingo, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, hujulikana zaidi kwa ikulu, mnara wa taa na upepo wa bahari. Lakini ni mtaa wa wauguzi pia. Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1944, iko hapo katika Barabara ya Vanga, na Hospitali ya Mombasa, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1891, haiko mbali. Miongoni mwa wanaoingia na kutoka humo kwa zamu wamo wenye shahada ya uzamili ambao sasa wanaitazama ngazi ya mwisho ya masomo: uzamifu.

Ngazi hiyo ni changa katika fani hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza wauguzi mwaka 1968 kwa stashahada ya juu, na shahada ya kwanza ya uuguzi ikaanza huko mwaka 1992. Kwa sababu hiyo, wauguzi waliohitimu uzamifu nchini bado ni wachache, na uchache wao ndio kikwazo kikuu cha mwombaji. Chuo kinaweza kuwa na nafasi darasani na bado kikamkataa mtu kwa kukosa msomi wa kumsimamia.

Hivyo basi, anayetaka kuomba hapaswi kuanza na fomu. Aanze na swali la utafiti, kisha amtafute msimamizi anayelishughulikia swali la aina hiyo. Kosa linalowaponza wengi ni kuleta mada pana, mathalani "changamoto za uuguzi Pwani", ambayo hakuna profesa anayeweza kujua ianzie wapi na iishie wapi. Muuguzi wa Mombasa ana hazina ambayo wengi hawana. Mjamzito wa Likoni aliyepatwa na uchungu usiku hutegemea feri ili afike hospitali kuu zilizoko kisiwani. Nini hutokea kati ya uamuzi wa kuondoka nyumbani na kupokewa wodini? Muuguzi anayempokea hupata taarifa gani, na hukosa zipi? Hilo ni swali lenye mipaka, lenye mahali na lenye watu wa kuhojiwa. Wodi huzaa maswali kama hayo kila siku, ila yasipoandikwa hupotea zamu inapobadilishwa.

Barua ya kwanza kwa msimamizi iwe fupi. Aya tatu zinatosha: mwombaji ni nani, swali lake ni lipi, na kwa nini amemwandikia msomi huyo na si mwingine. Kurasa mbili za muhtasari ziambatanishwe. Barua ndefu yenye sifa tele na salamu za kupita kiasi haisomwi hadi mwisho, na anayeituma kwa maprofesa ishirini kwa mkupuo mmoja hugunduliwa mara moja.

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT ni kati ya vyuo vilivyotoa masomo haya. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea Afrika Kusini, hasa KwaZulu-Natal. Kabla ya kulipa ada yoyote, ni busara kuthibitisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba programu husika imeidhinishwa. Idhini ya chuo si idhini ya kila kozi inayofunzwa humo.

Anayelenga Marekani atakutana na shahada mbili zinazofanana kwa jina tu. PhD ni ya utafiti. DNP ni ya utendaji wa kitabibu na uongozi, na kwa kawaida hudai leseni ya uuguzi ya nchi hiyo. Mtu anayekusudia kurudi kufundisha chuo kikuu nchini aulize mapema shahada gani itamfaa, maana kubadilisha njia katikati ni gharama kubwa.

Nyaraka zenyewe hazina siri: vyeti na nakala za matokeo, usajili wa Baraza la Wauguzi, wasifu, barua za waamuzi na pendekezo la utafiti. Penye ugumu ni uzamili uliosomwa kwa mitihani pekee bila tasnifu. Vyuo vingi hutaka ushahidi kwamba mwombaji aliwahi kufanya utafiti na kuuandika.

Kisha kuna mwajiri. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, muuguzi wa hospitali ya umma ya kaunti huomba likizo ya masomo kwa serikali ya kaunti, si kwa Wizara ya Afya jijini Nairobi. Mara nyingi hutakiwa kutia saini mkataba wa kurudi kazini kwa kipindi fulani, na ni muhimu ausome kabla ya kutia saini. Viwango vilivyowekwa na tume hiyo mwaka 2014 vinataka uzamifu usipungue miaka mitatu, na mwanafunzi awe amechapisha makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Kwa mwenye zamu za usiku na watoto nyumbani, miaka mitatu ni hesabu ya matumaini.

Kuhusu fedha, udhamini wa Jumuiya ya Madola na ule wa DAAD ya Ujerumani umewasaidia Wakenya wengi. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008, uliwalenga wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama, kwa hiyo muuguzi wa wodini asiyefundisha popote hakuwa mlengwa wake. Tarehe za mwisho za wadhamini aghalabu hutangulia za vyuo. Anayesubiri barua ya kukubaliwa ndipo aombe fedha huwa amechelewa mwaka mzima.

Jambo moja huwachanganya waombaji: kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI havitakiwi wakati wa kuomba nafasi. Hufuata baada ya pendekezo kupitishwa na chuo, na ndipo hospitali nayo huombwa ruhusa. Hata hivyo, mazungumzo yasiyo rasmi na msimamizi mkuu wa wauguzi wa hospitali inayokusudiwa yafanywe mapema, kwani pendekezo linalotegemea majalada ya wagonjwa ambayo hospitali haiko tayari kuyatoa litalazimika kuandikwa upya.