Ncha Mbili za Waya wa Chaja

Waya wa chaja ya laptop una ncha mbili, na kila ncha ina historia yake. Ile inayoingia kwenye adapta, kile kiboksi cheusi, huwa na matundu matatu na uso wake unafanana na kichwa cha Mickey Mouse. Umbo hilo lilikubaliwa katika viwango vya kimataifa, kwa hiyo waya ulionunuliwa Kariakoo unaweza kuingia kwenye adapta iliyouzwa Tokyo. Ncha ya pili, inayokwenda ukutani, ndiyo inayobadilika ukivuka mipaka. Ukitaka kujua nani aliwahi kuitawala nchi, mara nyingi jibu liko hapo.

Mimi jibu hilo nilikutana nalo Leipzig, Ujerumani, nilikokwenda kusoma shahada ya uzamili ya historia nikitokea Madibira, wilayani Mbarali. Plagi yangu ilikuwa ya pini tatu bapa. Ukuta wa bweni ulikuwa na shimo la duara lenye matundu mawili ya mviringo. Duka la kwanza niliambiwa ninunue chaja nzima, kwa bei ambayo ingekula posho yangu ya wiki mbili. Duka la pili kulikuwa na fundi mzee. Aliigeuza adapta yangu akanionyesha maandishi madogo: inapokea volti 100 hadi 240, hezi 50 hadi 60. Maana yake, inakubali umeme wa karibu kila nchi. Akachomoa waya wangu kwenye kiboksi, akachomeka mwingine wa kwao. Euro chache, kazi imekwisha.

Ningekuwa nasoma fizikia, habari ingeishia hapo. Lakini mimi nasoma historia, na kuna jambo lilinisumbua. Wajerumani ndio walioleta umeme Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wakoloni. Kwa nini basi plagi yangu haikuingia kwao?

Kwa sababu ya vita. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, na mwaka 1931 huduma ya umeme ikawa mikononi mwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Plagi niliyoikuta Leipzig, inayoitwa Schuko, ilibuniwa miaka ya 1920, wenyewe wakiwa wameshaondoka kwetu.

Waingereza nao walianza na pini za mviringo. Vita vya Pili vikiwa bado vinaendelea, kamati ya wataalamu ilikaa kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya mabomu. Shaba ilikuwa adimu. Wakachagua kuuzungusha waya kupitia soketi nyingi badala ya kuvuta waya mpya kwa kila soketi. Na kwa kuwa mzunguko huo ungebeba mzigo mkubwa, kila plagi ikapewa fyuzi yake. Kati ya wajumbe 20 alikuwamo mwanamke mmoja, Caroline Haslett, mtetezi wa usalama wa umeme majumbani. Matundu ya umeme yakawekewa vifuniko vya ndani, vinavyofunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia, ili mtoto asije akachomeka kitu. Kiwango hicho, BS 1363, kilichapishwa mwaka 1947, kisha kikasafiri na himaya.

Ndiyo maana ukitoka Mbeya ukavuka Kasumulu kwenda Malawi, au Tunduma kwenda Zambia, pini zako tatu bapa hazikuangushi. Ukienda Muscat pia utachomeka bila shida. Ila ukivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, iliyotawaliwa na Ureno, utakutana na pini za mviringo. Afrika Kusini kuna kichekesho zaidi: huko plagi kubwa ya Kiingereza ya zamani inaendelea kutumika, ingawa Waingereza wenyewe waliiacha majumbani mwao.

Nyumbani kazi ya kamati ya Haslett tunaijua bila kulijua jina lake, kwa sababu tunaihujumu kila siku. Chaja ya simu ya pini mbili ikigoma, mtu anachukua kijiti au mfuniko wa kalamu, anachokonoa tundu la juu, vifuniko vinafunguka, chaja inazama. Laptop za mtumba nazo huja na nyaya za huko zilikotoka, na fundi hukata kichwa akafunga cha pini tatu. Anayechokonoa kwa kijiti anapata umeme, lakini fyuzi hapati, wala waya wa ethi.

Waya unaishia ukutani, ila nyuma ya ukuta habari inaendelea. Mto Ndembera unaomwagilia mpunga wa Madibira huingia kwenye ardhioevu ya Usangu. Maji yakitoka hapo yanaitwa Ruaha Mkuu, yanajaza bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975. Miaka ya 1990 Ruaha ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Umeme ulipokatika mijini, lawama zilipanda na mto hadi kwetu, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji. Wapo watafiti waliopinga, wakisema tuangalie pia namna maji ya Mtera yalivyokuwa yakitumiwa. Hata hivyo mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengine wakielekezwa Lindi, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Umbo la tundu liliamuliwa London na mgawanyo wa maji uliamuliwa Dar es Salaam, na sioni mahali ambapo mtu wa Madibira aliulizwa. La kwanza halina madhara makubwa. Dunia ilijaribu hata kulimaliza: mwaka 1986 ilipendekezwa plagi moja ya kimataifa, na ni nchi chache tu, zikiwamo Brazil na Afrika Kusini, zilizoichukua, maana kubadilisha soketi za nchi nzima ni gharama. La pili bado lipo mezani. Ruaha Mkuu unamwaga maji yake Rufiji, na huko sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115.

Wadogo zangu wanaojiandaa kwenda kusoma nje huniuliza wabebe chaja gani. Huwaambia wasome maandishi ya kwenye adapta, wakifika wanunue waya tu. Kuhusu maji sina jibu jepesi kama hilo, na hicho ndicho nilichochagua kuandikia tasnifu yangu.