Kiraka cha Bwana Planck

Leo naweka programu kando kidogo. Chuoni nilifunzwa themodinamiki, yaani sayansi ya joto, muhula mmoja, na fizikia ya kwanta muhula mwingine, kana kwamba ni nchi mbili zisizopakana. Kumbe ya pili ilizaliwa nyumbani kwa ya kwanza!

Tazama makaa kwenye jiko: yakishika moto huwa mekundu. Chuma kikizidi kupata moto huelekea manjano, kisha weupe. Karibu mwaka 1860, Gustav Kirchhoff, akitumia sheria za joto peke yake, alionyesha kuwa mwanga ulio ndani ya tanuri lililofungwa hutegemea halijoto tu, si kitu tanuri lilichotengenezwa nacho. Je, kanuni yenyewe ni ipi? Swali hilo lilikaa miaka 40.

Max Planck wa Berlin alikuwa mtu wa joto hasa. Tasnifu yake ya 1879 ilihusu sheria ya pili, ile inayosema entropia haipungui katika mfumo uliofungwa. Kwake hiyo ilikuwa amri isiyovunjika. Ludwig Boltzmann wa Vienna alipinga: ni hesabu ya uwezekano tu. Atomu ni nyingi mno, na hali ya vurugu ina njia nyingi za kutokea kuliko hali ya mpango. Planck hakupendezwa.

Oktoba 1900, Heinrich Rubens alimweleza Planck vipimo vipya vilivyokataa kanuni iliyokuwapo. Planck akabahatisha nyingine, akaiwasilisha tarehe 19. Ikalingana na vipimo! Lakini kwa nini? Waandishi wa programu wenzangu mnaijua hali hii: jibu ni sahihi, na hujui sababu.

Tarehe 14 Desemba alirudi na maelezo. Alikuwa amesalimu amri na kutumia njia ya Boltzmann, kuhesabu njia. Ili uhesabu, lazima ukate nishati vipande vipande. Boltzmann alifanya hivyo mwaka 1877, kisha akavipunguza vipande hadi sifuri, kwani vilikuwa msaada wa hesabu tu. Vya Planck vilikataa kupungua. Ukivifuta, kanuni inavunjika. Kila kipande kilikuwa sawa na h mara idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Hapa ndipo ninapomwonea huruma. Unaweka kiraka cha muda, unajaribu kukiondoa, mfumo mzima unaanguka. Planck alihangaika miaka mingi kuirudisha h katika fizikia ya zamani, akashindwa. Baadaye alikiri kuwa alifanya vile kwa kukata tamaa.

Mwaka 1905 Albert Einstein alilinganisha entropia ya mwanga na ile ya gesi, akahitimisha kuwa mwanga wenyewe huenda kama chembe. Kiraka hakikuwa kiraka. Ndivyo ulimwengu ulivyo.

Basi sayansi hizi mbili zinaunganika hivi: entropia ni kuhesabu, na kwanta ndiyo inayotupa vitu vya kuhesabika. Boltzmann alifariki 1906. Kwenye kaburi lake Vienna imechongwa S = k log W, na aliyeiandika kwa umbo hilo ni Planck, mpinzani wake wa zamani.

Siku nyingine kiraka chako kikikataa kutoka, usikitukane. Kiulize kwanza kinajua nini.