Ulinzi wa Jina, Si Usimamizi wa Sifa

Vijitabu vya mafunzo wanavyogawiwa wajasiriamali wadogo vimebeba istilahi inayokwaruza sikio: "usimamizi wa sifa mtandaoni". Walengwa ni watu kama kijana wa Dar es Salaam mwenye ndege nyuki mbili, akaunti moja ya Instagram na wateja wanaomjia kwa kuambiana. Leo anapiga picha harusi ya Kigamboni, wiki ijayo anapima shamba la mkonge Korogwe, mwezi ujao ameitwa na hoteli ya Nungwi. Kijana huyo anaambiwa asimamie sifa zake. Anaelewa kile ambacho Mswahili yeyote angekielewa, kwamba ameruhusiwa kujisifu. Ukurasa wake unajaa majigambo. Siku bi harusi mmoja anapoandika hadharani kuwa video yake imecheleweshwa miezi miwili, kijana hana pa kushika, maana alichofundishwa ni sifa.

Sifa ni neno zuri lenye kazi yake. Limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo, na wasifu ni ndugu yake wa damu. Sifa ya chuma ni ugumu. Tangazo la ajira huandika "sifa za mwombaji" na hakuna anayechanganyikiwa. Lakini neno hilohilo limeshika pia njia ya kusifu na kusifiwa, na huko limepata doa. "Mtu wa sifa" hapongezwi kwa kuitwa hivyo. Anaambiwa kwamba anapenda kuonekana. "Acha sifa" ni karipio. Wahenga nao walitoa onyo lao: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ni kweli kamusi zinakubali kwamba sifa ni pamoja na jinsi mtu anavyojulikana, na hilo halibishaniwi hapa. Kinachobishaniwa ni uamuzi wa kuchukua neno ambalo tayari lina maana tatu na kulifanya istilahi ya biashara, ilhali lipo neno ambalo watu wamelitumia kwa maana hiyohiyo tangu zamani.

Neno hilo ni jina. Ni la Kibantu halisi. Wanyarwanda wanasema izina, na hafla yao ya kuwapa majina watoto wa sokwe, Kwita Izina, imefanyika tangu 2005. Wachewa wanasema dzina, Wakongo zina. Katika Kiswahili jina ni lile mtu analoitwa, na pia ni vile anavyofahamika. Mtu "ana jina", "amejijengea jina", "jina lake limevuma", au kwa bahati mbaya "wamemchafulia jina". Methali inasema jina jema hung'ara gizani. Mwenye duka aliyesingiziwa kuuza unga uliooza halalamiki kwamba usimamizi wa sifa zake umetetereka. Analalamika kwamba amechafuliwa jina, na mtaa mzima unamwelewa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwasilisha pendekezo la "ulinzi wa jina" katika kikao kimoja cha istilahi. Likarudishwa kwa hoja kwamba "jina" ni neno la kawaida mno kubeba dhana ya kitaalamu. Hoja hiyo haikubaliki. Ukawaida wa neno si kasoro. Istilahi ambayo mfanyabiashara anaielewa bila kufafanuliwa imeshamaliza nusu ya kazi yake. Kamati inayoona aibu kutumia lugha ya sokoni katika mambo ya soko inahitaji kujiuliza inamtungia nani maneno.

Tofauti ya sifa na jina inaonekana wazi katika biashara hiihii ya ndege nyuki. Mwaka 2015 kampuni changa ya Lily Robotics, ya California, Marekani, ilitoa video ya kuvutia: mtu anarusha kidege hewani kama mpira, nacho kinamfuata na kumpiga picha. Video ilisambaa dunia nzima. Kampuni ikapokea oda za kulipia kabla zipatazo 60,000, zenye thamani ya dola milioni 34. Januari 2017 ikafunga milango bila kuwafikishia wateja bidhaa hiyo, na mwendesha mashtaka wa San Francisco akaifungulia kesi akidai kwamba sehemu ya picha za video ile zilipigwa kwa ndege nyuki ya kampuni nyingine. Sifa Lily ilikuwa nazo za kutosha na kubaki. Jina haikuwahi kuwa nalo, kwa sababu jina hujengwa na mteja aliyepokea alichokilipia.

Tugeukie nusu ya pili ya istilahi ile, "usimamizi". Kusimamia ni kuwa juu ya kitu kilicho chini ya mamlaka yako: ujenzi, mtihani, mirathi. Jina la mfanyabiashara haliko chini ya mamlaka yake. Liko vinywani mwa watu, na siku hizi liko kwenye simu zao na katika makundi ya WhatsApp ambayo yeye mwenyewe si mwanachama. Hawezi kulisimamia; anaweza kulilinda. Kitenzi hiki nacho ni cha Kibantu, na historia yake inapendeza. Kwa Waganda, kulinda ni kungoja. Kwa Wanyarwanda, kurinda ni kuhifadhi kitu kisidhurike. Kiswahili kimebaki na kuhifadhi, lakini kungoja bado kunasikika ndani yake, maana mlinzi ni mtu anayekesha akingoja jambo ambalo huenda lisitokee. Mkulima anayeamia mpunga hawaamrishi ndege. Huwahi shambani alfajiri, hukaa macho, na hupiga kelele pale wanapotua. Mwenye biashara anayefuatilia kila siku kinachoandikwa juu yake, akajibu mapema, anafanya kazi hiyohiyo.

Wapo washindani wanaopendelea "ulinzi wa taswira", na hao wako karibu na ukweli kwa neno la kwanza tu. Taswira imetoka katika mzizi mmoja na sura, na maana yake ya msingi ni picha. Kwa muuza nguo huenda lisilete tabu. Kwa mpiga picha wa angani ni balaa, kwa sababu bidhaa anayouza ni picha. Mkataba ukisema kampuni "italinda taswira", mteja atasoma kwamba video ya harusi yake itahifadhiwa isipotee, na atakuwa na haki ya kusoma hivyo.

Tena picha zina sheria zake, na ni vyema zisichanganywe na jina. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Itazamwe pia lugha ya sheria hizo: zimesema ulinzi, hazikusema usimamizi. Kamera inayopaa juu ya uwanja wa harusi huona pia ua wa jirani ambaye hakualikwa, na jirani huyo ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kulichafua jina la kampuni.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya "ulinzi wa jina" linatoka kwa wanasheria. Wanasema msomaji atadhani ni kulisajili jina la biashara ili mwingine asilichukue, kazi ambayo Tanzania hufanywa na BRELA. Pingamizi hili linastahili jibu la heshima, na jibu ni kwamba kazi ile ina istilahi yake tayari, nayo ni "usajili wa jina la biashara". Nembo nayo ina "alama ya biashara". Ulinzi huanza pale usajili unapoishia.

Kwa mwenye ndege nyuki kuna jina jingine la kulinda, la chombo chenyewe, na hapo watunga istilahi wamemuumiza zaidi. "Ndege isiyo na rubani" ndiyo tafsiri iliyozoeleka katika taarifa za habari, na msikilizaji ameizoea ikiambatana na mabomu na maiti. Kisha tafsiri yenyewe haisemi kweli. Rubani ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu kwa njia ya bahari, likimtaja mwongoza chombo. Ndiyo maana bandarini hadi leo yupo rubani wa meli. Kazi yake ni kuongoza, si lazima awe mmiliki wala awe amekaa mahali fulani. Ndege nyuki ina rubani. Amesimama chini na kiongozeo mkononi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linamtambua kwa istilahi yake yenyewe, rubani aliye mbali na chombo. Kumwambia mteja kwamba chombo kinachopita juu ya vichwa vya wageni wake hakina rubani ni kumwambia kwamba kikianguka hakuna wa kuulizwa.

"Ndege nyuki", ambalo magazeti ya Tanzania yamelikubali, lina nasaba ya kutosha. Kiingereza chenyewe kilichukua jina la dume la nyuki, drone. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege ya kulengwa shabaha iliyoongozwa kwa redio, wakaiita Malkia wa Nyuki; mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaziita ndege zake za aina hiyo kwa jina la dume. Dume la nyuki halina mwiba, jambo ambalo mfanyabiashara mwenye wateja waoga angefaa kulitaja. Mradi wa ramani za Zanzibar ulioanza 2016, ambamo vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha, ulitumia vyombo vinavyoitwa eBee, yaani nyuki tena. Na pembezoni mwa hifadhi za Tanzania tembo wanaovamia mashamba wamefukuzwa kwa ndege hizi. Watafiti walishaonyesha nchini Kenya, mwaka 2007, kwamba tembo hukimbia mvumo wa nyuki. Jina ambalo tembo wenyewe wanaelekea kulithibitisha halihitaji kutetewa mbele ya kamati.

Jina la chombo likichafuka, wenye vyombo huchafuka nalo. Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa taarifa za ndege nyuki kuonekana. Safari zipatazo 1,000 zikavurugika na abiria 140,000 wakakwama. Polisi wakawakamata mume na mke ambao hawakuwa na hatia. Majina na sura zao zikajaa magazetini na mitandaoni kabla hawajaachiwa bila mashtaka. Mwaka 2020 polisi walikubali kuwalipa pauni 200,000, fidia na gharama za kesi zikiwa humo. Hakuna mrushaji aliyewahi kupatikana.

Upande wa vitendo hauhitaji maneno mengi: weka kumbukumbu ya kila mruko na namba ya kibali, hifadhi picha ghafi, omba ridhaa kwa maandishi, usifute lalamiko la mteja, na mjibu siku hiyohiyo kwa jina lako.

Kwa hiyo wenye biashara hizi wasisubiri kikao kijacho. Waandike "ulinzi wa jina" katika mikataba yao na "ndege nyuki" katika matangazo yao, na mwandishi wa habari anayeripoti harusi au shamba la mpunga aiache "ndege isiyo na rubani" kwa wanaoripoti vita. Kamati iliyolirudisha pendekezo lile bado inalo kwenye faili zake. Ilitoe na ilipitishe.